Homa ya Pijo

Ihumwa, Dodoma
9 Februari 1992

Mdogo wangu Bushiri,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima na mwenye kumbukumbu, maana tangu ile kadi ya Idd ya mwaka jana hatujaona hata bahasha tupu. Sisi hatujambo. Mvua imekuja kwa kusuasua lakini mtama umesimama. Duka linakwenda, ingawa siku hizi kila mtu kafungua duka na kila duka lina sabuni ileile ya kutoka nje. Baba anakusalimia sana.

Sasa nisikilize. Shamila ana mimba tena. Unajua yaliyomkuta mwanangu mwaka jana kule Bahi: barabara imejaa maji, gari limetafutwa tangu asubuhi likapatikana jioni, mtoto akafia tumboni na mama yake akapasuliwa ili tumwokoe yeye. Safari hii nimemwambia mumewe, Anuari, abaki na mpunga wake, mimi namchukua Shamila nikae naye hapa Ihumwa. Hakubisha. Mkunga Elieth amempima, anasema siku zake ni mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai, na kwa kuwa alishapasuliwa, uchungu ukianza tu awe njiani kwenda hospitali mjini. Si mtu wa kungojangoja. Na huku kwetu asubuhi hupati usafiri wowote mpaka jua lipande. Tegemeo letu ni gari la Baba, lile Pijo 404.

Na Pijo lenyewe gonjwa. Kabureta imelika, inavuja petroli, na ule waya wa kuvutia choki umekatikia ndani. Fundi Fabian anasema ya 404 haipatikani tena Dodoma. Asubuhi za Juni za huku unazijua, bila choki gari haliwaki ng'o. Wewe uko huko Uarabuni, Sharja, kwenye magari chungu nzima. Nitafutie kabureta, Bushiri. Naogopa, na sitaki kukuficha kwamba naogopa.

Dada yako,
Stara

Sharja
14 Machi 1992

Dada Stara,

Shikamoo. Ramadhani karimu kwenu nyote. Mimi mzima wa afya, nafunga, nafuturu kwa tende za bure msikitini, na unene umeniingia shingoni. Kazi inakwenda vizuri. Nimefurahi kwa Shamila. Mwambie mjomba wake anamwombea kila anapofungua kinywa.

Kabureta hiyo, anakuletea Masudi, yule wa matairi, pamoja na barua hii. Imetoka kwenye gari la Kijapani. Watu wa huku wanatupa magari ambayo kwetu mtu angeyatoa mahari. Itabidi Fabian achonge bamba la kuunganishia ikae vizuri juu ya injini ya Pijo, hiyo si kazi ngumu kwake. Ila msihangaike kutafuta pa kufungia waya wa kuvuta. Choki yake ni ya umeme.

Ubavuni mtaona kikopo cheusi cha duara. Ndani yake mna springi iliyojiviringa. Ikiwa baridi, springi inafunga kile kibati cha mdomoni mwa kabureta, hewa inapungua, petroli inazidi, gari linawaka. Ukiingiza umeme kwenye kikopo, springi inapata joto, kibati kinafunguka pole pole, gari linatulia. Hayo tu, wala si uchawi wa Wajapani.

Shida ni umeme huo utoke wapi. Fabian asiuchukue kwenye koili, choki itanyonya nguvu za plagi na gari litakuwa na kwikwi njia nzima. Asiuchukue kwenye betri moja kwa moja. Autoe mahali panapopata umeme ufunguo ukifunguliwa, na panapokufa ufunguo ukifungwa. Mahali hapo ni nyuma ya redio, waya wa njano. Nina uhakika, kwa sababu redio ile niliifunga mimi, na niliipitishia kwenye swichi ya ufunguo makusudi ili Baba asije akaisahau ikamaliza betri. Aungie hapo, aweke na fyuzi. Halafu atoe waya wa pili kwenye kikopo aubane kwenye bodi, maana kabureta imekalia gasketi isiyopitisha umeme, na umeme hauna pa kurudia. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha, kanyaga mafuta mara moja, achia, ndipo uzungushe ufunguo.

Mbona Baba haniandikii? Mwaka mzima sijaona mwandiko wake. Mpe barua hii aisome mwenyewe, yeye ndiye atakayemsimamia Fabian. Idd ya kuchinja nitakuwa huko inshallah, nitaikagua kazi yenu kwa macho yangu.

Mdogo wako mtiifu,
Bushiri

Ihumwa
26 Aprili 1992

Mdogo wangu,

Marahaba, fundi wa kwenye bahasha. Idd tumeisherehekea kwa pilau na kwa kikohozi, nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Sasa tumepona. Tumbo la Shamila linaonekana kwa mbali, na amekuwa mkali hata mimi namwogopa.

Masudi amefika na mzigo salama. Fabian alichonga bamba, akafunga kabureta, akafuata maneno yako yote, waya wa njano nyuma ya redio, fyuzi, na waya wa kurudishia kwenye bodi. Tulijaribu saa sita mchana, watu wa hapa mtaani wamejaa kana kwamba tunafungua kiwanda. Nikakanyaga mafuta mara moja, nikaachia, nikazungusha. Gari likawaka palepale! Halikukohoa, halikutoa moshi. Fabian alicheza ngoma ya kwao, nami nilikwenda chumbani nikalia kidogo, kwa maana nilikuwa nimejikaza tangu Februari.

Barua yako nilimsomea Baba mimi mwenyewe, macho yake siku hizi si mazuri. Alifurahi. Anashinda garini anasikiliza redio yake, taarifa ya habari, matangazo ya vifo, yote. Ufunguo ninao mimi, sasa hivi dereva ni mimi. Usiwe na wasiwasi naye. Anakusalimia sana.

Tunakungoja Idd. Shamila anataka kujua utamletea mtoto nini.

Dada yako,
Stara

Ihumwa
31 Mei 1992

Bushiri,

Hujajibu barua yangu ya Aprili, na siwezi kungoja jibu ndipo niandike hii. Sote tu wazima, alhamdulillah, ila miguu ya Shamila imevimba, na Elieth anampima kila wiki badala ya kila mwezi. Anaandika tu kwenye kadi na kuikunja.

Baridi imeingia na gari limegeuka. Mchana linawaka vizuri kama siku ile. Asubuhi, halitaki. Nazungusha mpaka stata inalegea, betri inalala. Fabian amesafisha plagi, amechaji betri, amefungua kabureta na kuifunga tena, haoni kosa. Akija saa nne, gari linamwakia kwa mguso mmoja, ananitazama kama mwanamke asiyejua kuwasha gari. Sasa kila nikitoka kuswali alfajiri nakwenda kulijaribu, Shamila anasikiliza kutoka kitandani. Likikataa anageukia ukutani mpaka chai. Leo amenishika mkono akaniuliza, "Mama, na uchungu ukinishika asubuhi?" Nikamwambia hautamshika asubuhi. Ndiyo jibu nililokuwa nalo.

Baba naye ananichosha. Bado ana ile tabia ya kufungua boneti asubuhi kupima maji na oili, hata gari lisipokwenda popote. Basi anarudi ananiambia, "Stara, gari lina homa." Nikimuuliza homa gani, anasema lina homa upande mmoja. Kila siku hilohilo. Nimemwambia Baba, gari ni chuma, halipandi homa, ingia ndani unywe uji. Usilifikirie sana hili, ni uzee tu.

Niambie tufanye nini. Na niambie unakuja tarehe ngapi, Idd ni wiki ijayo na sijasikia lolote.

Stara

Sharja
8 Juni 1992

Dada Stara,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili imenifikia juzi, sijui ilikuwa inazunguka wapi. Nimeicheka na kuirudia. Gari kuwaka palepale! Nimewasomea hata wenzangu wa chumbani, wamenipa jina la Fundi Posta. Kwa hiyo nimetulia, hilo limekwisha.

Idd hii sitaweza kuja. Ruhusa imekuwa ngumu, kuna mambo ya karatasi, tajiri wangu amesafiri. Nitakueleza siku nyingine. Usimwambie Baba bado, mwache angojengoje.

Mwambie tu asisikilize redio sana gari likiwa limezimwa, atakumalizia betri. Natania, najua haiwezi kulia bila ufunguo. Wape salamu wote.

Bushiri

Sharja
20 Juni 1992

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya tarehe 31 leo hii mchana. Sitaki salamu ndefu. Hii inakuja kwa mtu anayeruka kesho kwenda Dar es Salaam, nimemwapiza aitie kwenye basi la Dodoma siku hiyohiyo. Nimepiga simu dukani kwa Masudi mara nyingi mpaka pesa zikaniishia, inaita tu.

Baba yuko sahihi. Gari lina homa.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, fungua boneti ushike kile kikopo cheusi. Injini nzima itakuwa baridi. Kikopo kikiwa cha moto, maana yake kinapata umeme usiku kucha. Springi imepashwa joto, kibati kimebaki wazi, gari linadhani limeshaamka, kumbe limelala. Na betri inanyonywa kidogo kidogo mpaka inalegea. Mchana linawaka kwa sababu jua la Dodoma halihitaji choki. Fabian si mjinga, analiona gari mchana tu.

Kata waya wa njano. Sasa hivi, ukisoma hapa, simama ukakate. Fabian atafute waya wa geji ya mafuta, ule unakufa ufunguo ukifungwa, lakini asiamini maneno yangu tena, aupime kwa taa. Ufunguo ukiwa umefungwa, taa isiwake. Mimi nilizungumzia gari la mwaka nilioliacha, nikadhani limenisubiri.

Nimeisoma tena na ile barua yako ya Aprili, dada. Unasema Baba anashinda garini anasikiliza redio, halafu unasema ufunguo unao wewe. Redio inaliaje bila ufunguo? Nani alihamisha waya wangu akaupeleka kwenye betri? Na kwa nini Baba yangu, aliyelala na ufunguo wa gari chini ya mto wake tangu nina akili, hana ufunguo? Mambo gani hayo usiyoniambia? Kila mara unaniandikia ananisalimia sana. Ananisalimia kwa maneno gani?

Nami nikwambie langu ili usinione natoa amri tu. Sina likizo wala ruhusa. Tajiri amekalia pasipoti yangu tangu mwaka juzi, na kazi yangu si ya umeme kama nilivyowaambia, nabomoa magari mabovu uani, natoa vipuri. Nilikuwa naona aibu kukuandikia. Ningekuwa na pasipoti mkononi, barua hii ningeileta kwa miguu yangu.

Kata waya huo, Stara.

Bushiri

Ihumwa
21 Julai 1992

Mdogo wangu Bushiri,

Marahaba. Najua tabia yako ya kuruka mistari uende chini. Usiruke, nitakueleza kwa mpangilio, la sivyo mimi mwenyewe nitashindwa.

Uchungu ulimshika Shamila Jumatano, tarehe mosi, ndiyo kwanza nimetoa salamu ya alfajiri. Barua yako ilikuwa haijafika. Kulikuwa na upepo ule unaopenya mpaka kwenye meno. Fabian alikuwa ameichaji betri jana yake, kwa hiyo nilikuwa na matumaini. Tukamlaza Shamila kiti cha nyuma, jirani yetu Joha akampakata kichwa. Nikakanyaga mafuta mara moja, nikaachia, nikazungusha. Hakuna kitu. Nikazungusha tena. Stata inazunguka, harufu ya petroli imejaa, gari halishiki. Shamila ameng'ata kanga, hapigi kelele, na mimi namwona kwenye kioo ananitazama kisogo. Stata ikaanza kuzunguka kwa uvivu. Nikasema basi, ni Bahi tena.

Baba akatoka na koti lake juu ya kanzu, akafungua boneti. Bushiri, nilimfokea. Sijawahi kumfokea Baba tangu nizaliwe, na siku hiyo nilitoa kichwa dirishani nikapiga ukelele, "Baba, toka hapo, utatuchelewesha!" Akafungua kifuniko cha chujio la hewa, akalitoa lote, akaliweka chini kwa adabu. Akasema, "Stara, mdomo umebaki wazi. Ngoja niuzibe." Akaweka kiganja chake juu ya kabureta. "Zungusha."

Nikazungusha. Ikapiga chafya ya moto, nikaona mwanga mkononi mwake. Hakuutoa mkono. "Zungusha, mama." Nikazungusha tena, na Pijo likashika, likakohoa, likaunguruma. Alikaa hapo hapo akiachia vidole kimoja kimoja mpaka likatulia. Akafunga boneti, akaja dirishani akaniambia nisizime mpaka nifike. Nikaondoka. Sikumtazama hata kwenye kioo.

Tulifika. Wamempasua, na mtoto amelia. Ni msichana, mzima, ana nywele mpaka kwenye paji. Shamila naye yuko salama, ingawa walisema tungechelewa kidogo yangekuwa mengine. Wamempa mtoto jina Salwa. Sasa unaweza kupumua.

Ila mimi nilikaa kwenye benchi pale nje nashukuru, nashukuru, mpaka mchana, ndipo nikakumbuka kwamba nimemwacha Baba barabarani peke yake.

Basi nikwambie. Mwezi wa kumi na mbili alichukua gari akasema anakwenda dukani. Jioni watu wa mashamba ya zabibu kule Makutupora wakamleta, gari likiendeshwa na mmoja wao. Walimkuta amekaa ndani, injini inanguruma, amesahau njia ya nyumbani. Amesahau mengi tangu hapo. Nikamnyang'anya ufunguo. Alikuwa analia usiku kwa ajili ya redio, si gari, anataka redio yake. Ndipo nikamwita fundi Ambokile, kabla hajahamia Mbeya, akaipeleka redio moja kwa moja kwenye betri, Baba akawa anakaa garini anasikiliza bila ufunguo. Fabian hakujua. Ulipoandika waya wa njano, mimi nilijua redio inalia bila ufunguo, na nilikuwa nimesimama pale Fabian anaunganisha, na sikufikiri. Nilikuwa nafikiria namna ya kukuandikia usigundue.

Niliogopa ungeacha kazi uje. Kumbe kazi hukuwa huru kuiacha, na pasipoti huna. Tumelindana vizuri sana, mimi na wewe, nusura tumzike mtoto. Na siku zote nilipokuandikia kwamba anakusalimia, si kweli. Siku nyingine anakukumbuka, anauliza kama umetoka shule. Siku nyingine hakukumbuki kabisa. Nisamehe, sitakuandikia hivyo tena.

Nilipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na chujio la hewa liko chini palepale alipoliweka. Tukamtafuta mtaa mzima, Anuari akaja kutoka Bahi akaungana nasi. Jioni mafundi wa reli wakamrudisha kwa kiberenge, kile kigari chao cha relini. Walimkuta kwenye reli karibu na Kikombo, koti limejaa vumbi, kiganja kimetoka malengelenge. Alikuwa anakwenda mjini kwa miguu kuangalia kama tumefika hospitali. Alikosea upande tu, akaelekea mashariki.

Barua yako ilifika Ijumaa yake, tarehe tatu. Niliisoma nimesimama, nikaenda nikashika kile kikopo, kilikuwa cha moto. Nikaukata waya mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Fabian ameshauhamishia kwenye geji ya mafuta, ameupima kwa taa, na redio ya Baba amemwekea betri yake ndogo pembeni.

Hilo la pasipoti usilitatue kwa kutoroka. Masudi anasema yuko mtu ubalozini anayesikiliza watu, nitakuandikia jina lake nikilipata. Lakini fanya haraka, mdogo wangu, sitakuficha tena kwamba muda wa Baba kukukumbuka ni mchache.

Kiganja kinapona. Asubuhi Baba anakitazama, hajui kimeungulia wapi, halafu anashtuka, anakuja kugonga mlango wangu. "Stara, gari lilifika?" Namwambia lilifika, Baba. "Na mtoto?" Namwambia Shamila kajifungua salama, mtoto wa kike, huyu hapa. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anampakata, anamshukuru Mungu na machozi yanamtoka, kana kwamba habari imemfikia dakika ileile. Kesho yake anakuja kuuliza tena. Siku za kwanza nilichoka kumjibu. Sasa naamka kabla yake, nakaa na mtoto mapajani, nangoja agonge.

Dada yako,
Stara